Kikohozi cha Ijumaa

Kaka yangu alitoa uamuzi wake Jumapili mchana, tukiwa tumezunguka sinia la pilau, na wala hakupandisha sauti. Alisema mama hawezi kuendelea kuishi Kariakoo. Alikwisha kumwandalia chumba kwake Kigamboni, chenye dirisha linaloangalia minazi, na angekuja na gari kumchukua baada ya wiki tatu.

Sababu tuliijua wote. Ijumaa iliyopita, mama alikutwa ameketi kwenye ngazi za ghorofa ya pili, mfuko wa ndizi mbichi pembeni, mdomo wazi, hata salamu hawezi kuitikia. Aliyemkuta ni binti wa jirani anayeishi ghorofa hiyo hiyo. Alimshika mkono na kumpandisha kidogo kidogo hadi kwetu, ghorofa ya tatu. Kutoka barabarani hadi mlangoni petu ni ngazi hamsini na nne. Mama alizipanda mara ya kwanza akiwa bi harusi, na tangu hapo hakuwahi kuzifikiria, mpaka siku hiyo zilipomkalisha chini.

Mama alimsikiliza kaka huku anaendelea kula. Halafu akamuuliza kama huko Kigamboni atavuta kitu gani ambacho huku hakipo.

"Hewa, Mama. Kule kuna hewa."

"Na huku navuta nini, mchanga?"

"Ndiyo hasa. Mchanga, saruji na dizeli."

Hapo tukacheka, hata mama, lakini kicheko chake kiligeuka kikohozi, na kikohozi kikampa kaka ushindi.

Nilijua mama anapoteza nini. Yeye hupika udi: anavichanganya vipande vya miti ya manukato na sukari, marashi na vitu vingine ambavyo hata mimi mwanawe hajanionyesha vyote. Wanawake wa Gerezani, Ilala na Upanga huja kwake kabla ya kila harusi. Wanapanda ngazi, wanakaa, wanakunywa kahawa, wanasema. Shoga zake wawili walihamishwa na watoto wao, mmoja Chanika, mwingine Mbezi. Wote wawili wana hewa nzuri, na wote wawili humpigia simu kila siku kumuuliza mtaani kuna nini.

Kwa hiyo nikatoa pendekezo. Wiki tatu zikiisha, mama apande ngazi hamsini na nne mbele yetu. Akifika juu bila kukaa, anabaki. Akikaa, anafunga virago.

Kaka alifikiri kidogo. "Bila kukaa," alisema. "Na bila kusimama kujifanya anafunga kamba za viatu."

Mama hajawahi kuvaa kiatu cha kamba maishani mwake. Alikubali palepale.

Tulikuwa tumeshampeleka kliniki. Daktari, dada mmoja kijana mwenye haraka za kistaarabu, alimpima, akasema njia zake za hewa zimevimba, akampa dawa ya kuvuta. Kisha akauliza kama nyumbani kuna moshi. Mama akajibu hakuna, tunapikia gesi. Na mimi niliyekuwa nimekaa pembeni nikatikisa kichwa kuthibitisha. Hilo nitalirudia baadaye.

Jumatatu asubuhi nilinunua daftari. Niliandika habari za mahakamani kwa miaka mingi kabla sijarudi kuishi na mama, na kama kuna kitu kazi ile ilinifundisha ni kwamba jambo lolote likipangwa kwa saa na tarehe, huanza kusema lenyewe. Nikachora safu tatu. Ya kwanza saa. Ya pili mtaani kuna nini. Ya tatu mama amekohoa mara ngapi. Nikavuta kiti hadi dirisha la sebuleni, nikaanza kazi, na nakiri kwamba nilifurahi kama mtu aliyerudishiwa kitu chake kilichopotea.

Sikuwahi kuutazama mtaa wetu namna ile. Saa kumi na moja alfajiri ulikuwa umelala, na hewa ilikuwa na ubaridi wenye harufu ya chumvi kwa mbali. Saa kumi na mbili yaliingia malori ya kushusha marobota, yanasimama bila kuzima injini. Saa moja bodaboda. Saa mbili jengo jipya la kona lilianza kukoroga saruji, na vumbi jeupe likatua juu ya miamvuli ya wamachinga, juu ya maembe, juu ya kope za watu. Saa nne mikokoteni na magari yalikwama pamoja, kila dereva anapiga honi, kila injini inanguruma pale pale ilipo. Zamani upepo wa baharini ulipita hapa na kuchukua uchafu wote kwenda nao. Sasa maghorofa yamesimama pande zote nne, na moshi ukishaingia hauna mlango wa kutokea. Nilipitisha kidole kwenye fremu ya dirisha nililolifuta jana yake. Kilitoka cheusi.

Mshtakiwa wangu nilikuwa naye tangu siku ya kwanza. Jirani wa chini ni muuza vitenge, na umeme ukikatika huwasha jenereta lake kwenye baraza, chini kabisa ya dirisha letu. Jumatatu umeme ulikatika saa tano. Jenereta likawashwa, na mama akakohoa mpaka saa tisa. Jumanne umeme ulikuwepo, mama akakohoa kidogo tu. Jumatano ukakatika tena, jenereta likanguruma, kikohozi kikarudi. Siku tatu, na ushahidi ulikuwa umenyooka kabisa.

Mama naye alikuwa ameanza kunikwepa. Alikuwa akienda kukoholea msalani, mlango kafunga, bomba kafungulia. Nikaandika na hizo.

Jumatano hiyo hiyo nilishuka na daftari langu kwapani. Muuza vitenge alikuwa anamkunjulia mteja kitenge. Nikamngojea amalize, halafu nikamweleza yote kwa saa na dakika. Alinisikiliza kwa adabu, mikono kifuani.

"Dada, mimi nakaa na hili jenereta hapa mguuni kutwa nzima," alisema. "Mbona sikohoi?"

Nikamwambia yeye ana miaka thelathini na mama ana sabini na mbili. Akakubali kwamba hilo ni kweli. Kisha akaongeza, nusu utani, kwamba na sisi wa juu tuna moshi wetu: ukishuka dirishani wateja wanamuuliza ndani kuna harusi ya nani. Nikacheka. Kwa mazoea tu nikayaandika maneno yake pembeni mwa ukurasa, nikapanda ngazi zangu nikiwa nimechukia kwamba hakuniahidi chochote.

Ijumaa ndiyo iliyonivunjia kesi.

Ijumaa mtaa wetu hupumzika. Ikikaribia adhuhuri maduka mengi hufungwa, watu hutandika mikeka na maboksi hadi barabarani kwa ajili ya swala, na malori hayana pa kupita. Siku hiyo jengo la kona lilikuwa limesimama tangu asubuhi, na malori hayakuja. Umeme ulikuwepo, jenereta kimya. Nilikaa na kalamu yangu nikitarajia kujaza sifuri ukurasa mzima, na nilikuwa nimeshaanza kutunga nitakavyomsomea muuza vitenge.

Mama alianza kukohoa saa tatu. Saa nne alikohoa zaidi. Wakati wa hotuba, sauti ya imamu inaingia kwa mbali kupitia dirisha lililofungwa, alikohoa hadi akaacha mswala wake na kuja kushika ukingo wa meza. Nilimpa dawa ya kuvuta. Akapumua, akarudi kuswali akiwa ameketi.

Nikautazama ukurasa. Safu ya mtaani: tulivu, tulivu, tulivu. Safu ya mama: mbaya kuliko siku zote. Hali ile niliijua tangu mahakamani, pale shahidi anaposema jambo dogo na chumba kizima kinanyamaza. Mtu niliyemshtaki hakuwepo mahali pa tukio.

Nikageuza kiti. Kwa siku tano nilikuwa nimeipa sebule yetu mgongo.

Kulikuwa na mwanya mdogo kwenye mbao za dirisha, ule niliokuwa nikichungulia mtaa, na jua lilipenya hapo likachora mstari hadi sakafuni. Ndani ya mstari ule moshi ulikuwa unatembea. Wa buluu, mzito, umetanda tabaka tabaka kuanzia kimo cha magoti hadi darini. Katikati ya chumba lilisimama tenga la mama limefunikwa buibui lake la Ijumaa, kanzu za kaka alizoleta kufuliwa, na khanga zake mbili mpya. Chini ya tenga kilikuwepo chetezo cha udongo, mkaa unawaka, udi na ubani juu yake. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa tangu alfajiri.

Nilikuwa nimeishi ndani ya harufu ile tangu nazaliwa. Sikuwahi kuiona.

Nikazifungua kurasa za nyuma. Mama alikutwa kwenye ngazi siku gani? Ijumaa, baada ya kufukiza nguo asubuhi nzima na kushuka kununua ndizi. Na Jumatatu na Jumatano, jenereta lilipowashwa, mama alifanya nini? Nilikumbuka wazi, kwa sababu nilimsaidia: alifunga madirisha ili dizeli isiingie, halafu akatia udi kwenye chetezo ili kuifukuza ile iliyokwisha kuingia. Kila moshi wa nje ulipozidi, tulifunga zaidi, na tulifukiza zaidi. Nilikuwa nimechora safu ya mtaa peke yake. Nyumba yetu sikuwa nimeiwekea safu.

Na pembeni mwa ukurasa wa Jumatano, kwa mwandiko wangu mwenyewe, yalikuwepo maneno ya muuza vitenge kuhusu harusi.

Nilichora safu ya nne palepale, kwa haraka hadi karatasi ikachanika.

Kumwambia mama ilikuwa kazi nyingine. Nilingoja amalize kula, nikamsomea siku moja baada ya nyingine. Alisikiliza mpaka nilipofika kwenye chetezo, akainua mkono.

"Udi si moshi," alisema.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemwambia mgeni kwamba hicho ni chumba cha kulala, msalani ni kule. Ndiyo nikaelewa kwa nini kule kliniki alijibu vile, na kwa nini mimi nilitikisa kichwa. Hatukuwa tumemdanganya daktari. Moshi ni wa malori, wa jenereta, wa takataka zinazochomwa. Udi ni usafi. Udi ndio kitu cha kwanza mgeni anachopokelewa nacho na cha mwisho maiti anachoagwa nacho.

Akaniambia kwamba bibi yangu alifukiza kwa chetezo kile kile maisha yake yote, na alikufa kwa uzee, hakufa kwa kikohozi.

Nikamuuliza bibi alifukizia wapi.

Akatazama dirisha. Nyumba ya bibi ilikuwa hapa hapa Kariakoo, ya chini, yenye ukumbi katikati na ua nyuma, mlango wa mbele na wa uani inatazamana, na upepo unapita kama mwenye nyumba. Chetezo kilikaa uani. Mama mwenyewe ndiye aliyenisimulia hayo mara nyingi, nami nilikuwa namkumbusha tu.

"Mlango wa uani haukufungwa hata siku moja," alisema mwishowe, polepole. Kisha akasema twende kwa daktari. Yule akitamka, yeye atasikia.

Daktari alisoma daftari langu lote, kurasa zote tano, na uharaka wake ukapotea. Alipofika kwenye Ijumaa akainua macho.

"Mama, mliniambia nyumbani hakuna moshi."

"Ni udi, mwanangu."

Daktari akacheka, akasema hata mama yake hufukiza, na hata yeye hakuwahi kumuuliza. Kisha akavuta kiti karibu. "Mapafu hayatofautishi moshi wa barabarani na moshi wa heshima," alisema. "Yote ni chembe ndogo ndogo, na zilizo ndogo kabisa ndizo zinazofika mbali."

Alitueleza kwa utaratibu. Vumbi na dizeli ya mtaani ndivyo vilivyoziudhi njia za hewa kila siku, kwa miaka. Mkaa na udi ndani ya chumba kilichofungwa vilikuwa vinamalizia. Chembe zile haziishii kifuani, nyingine huingia hadi kwenye damu na kuuchosha moyo, na ndiyo maana mama alikuwa akichoka hata siku asizokohoa. Akanionya mimi hasa, huku akigonga daftari kwa kalamu, nisije nikadhani jenereta limeshinda kesi. Dawa iendelee. Mkaa utoke ndani. Madirisha yafunguliwe alfajiri mtaa ukiwa umelala, yafungwe malori yakiingia, yafunguliwe tena mtaa ukitulia.

Tulipofika nyumbani, mama alivua buibui, akakiangalia chetezo kwa muda, akaniambia nikipeleke juu darini, kwenye paa tambarare la jengo tunakoanika nguo.

Nilidhani ataomboleza. Kumbe alikuwa anapanga. Kesho yake alikuwa na sheria mpya kama kumi. Nguo zilifukizwa darini, upepo ukachukua moshi na nguo zikabaki na harufu, kisha zikashushwa ndani zikiwa tayari. Sebuleni aliweka asumini kwenye kisahani na kunyunyiza marashi kwenye mapazia. Udi wenyewe ulipikwa darini pia, shoga yake mwingine wa mtaani akikoroga sufuria huku mama ameketi mbali kwenye kiti cha plastiki, upande ambao moshi hauendi, anaamrisha kwa mkono kama msimamizi wa lile jengo la kona. Wateja walipanda ngazi zaidi, wakalalamika, wakaja tena, kwa sababu darini kulikuwa na hewa na umbeya ulinoga zaidi.

Mimi nilishuka kwa muuza vitenge. Nilimwomba radhi mbele ya wateja wawili, nikamsomea hata maneno yake mwenyewe aliyonipa bure nikayapuuza.

"Kwa hiyo nimeachiwa huru?" aliuliza.

"Umepewa dhamana."

Alicheka hadi akashika kaunta. Wiki hiyo hiyo alimwita fundi, wakalihamishia jenereta mwisho wa baraza, upande wa barabara kubwa, mbali na dirisha letu. Niliandika hilo, na chini yake nikaandika kwamba moshi ule haukufa. Umehama hatua ishirini tu, kwa watu ambao hawana daftari.

Safu ya tatu ikaanza kupungua. Sikuamini mwanzoni, nikadhani mama amerudi kukoholea msalani, nikamvizia. Hapakuwa na kitu. Ijumaa ya pili alikohoa mara nne. Ijumaa ya tatu mara mbili, na moja ilikuwa mfupa wa samaki. Nilikuwa natembea na lile daftari ndani ya nyumba kama mtu mwenye barua ya posa.

Jumapili ilifika. Kaka alikuja na gari, na ndani ya gari maboksi matupu. Mama alikuwa amevaa buibui lake lililofukizwa, na tulishuka wote hadi barabarani. Muuza vitenge alitoka dukani kutazama. Mama akaitikia shikamoo yake, akaweka mkono kwenye kishikio cha ngazi, akaanza.

Alipanda taratibu, mguu kwa mguu. Mimi nilikuwa mbele nahesabu kimoyomoyo, kaka nyuma na boksi moja mkononi. Ghorofa ya kwanza aliipita kana kwamba haipo. Thelathini. Thelathini na moja. Nilikuwa nasikia pumzi yake, ndefu, yenye kukwaruza kidogo, lakini ilikuwa inakwenda na kurudi.

Ghorofa ya pili, kwenye ngazi ile ile aliyokutwa ameketi, alisimama.

Kaka alisimama. Mimi nilisimama. Mama hakutuangalia. Alikuwa amegeuza uso kwenye mlango wa jirani, pua juu kidogo. Akabisha hodi. Alifungua yule yule binti aliyemsaidia, na mlango ulipofunguka ulitoka ubani mzito, na nyuma yake sebule iliyofungwa kila dirisha.

"Marahaba," alisema mama, kabla binti hajamaliza shikamoo yake. "Sasa mwanangu, unafukiza na madirisha umeyafunga? Na mtoto mchanga umemlaza humo humo?"

Binti akasema ni kwa sababu ya vumbi la jengo. Mama akamwambia analijua hilo vumbi kuliko yeye. Akamweleza yote: malori, alfajiri, dari, chembe ndogo zinazofika mbali, mapafu yasiyojua heshima. Alieleza bila kituo, mkono mmoja kiunoni, kwa pumzi ambayo wiki tatu nyuma isingetosha kuitikia salamu, mpaka binti akaenda kufungua dirisha na kukitoa chetezo nje kwa mikono yake miwili.

Kaka aliniinamia sikioni. "Hii inahesabika?"

"Sharti lilikuwa asikae," nilimwambia. "Umemwona amekaa?"

Akalihamishia boksi kwenye mkono mwingine. Mama alikwisha kuanza kupanda tena. Hamsini na mbili, hamsini na tatu. Ya hamsini na nne aliikanyaga kwa nguvu kidogo, kwa makusudi, akafungua mlango wake kwa ufunguo wake, akamwambia kaka aliache boksi hapo hapo, litamfaa kuhifadhia udi.

Halafu akakohoa. Mara moja tu, kavu, akiwa ametupa mgongo.

"Hiyo usiiandike," alisema.

Niliiandika.